Mashini ya Msumeno Inasema Mbele ya Kukata Mkono



Watu wetu wanapenda kusema: "Ajali haina kinga." Wengine wanasema ni Mungu aliyependa. Wengine tena, kwa sauti ya chini, wanasema kwamba jirani alikuwa na wivu juu ya cheo, na kwamba ile mashini "ilitumwa". Maneno haya matatu hayafanani, lakini yanaishia pahali pamoja: hakuna mtu aliyeweza kuzuia, basi hakuna kitu cha kutengeneza. Kesho yake mashini inawashwa tena vile ilivyo, na fundi mwingine anasimama mbele yake.

Sisi wa upande wa afya hatuwezi kukubali maneno hayo. Tunafunga vidonda, tunaona vidole vilivyobaki, na tunauliza kazi ilikwendaje. Karibu kila mara tunapata habari ileile. Mashini ya msumeno wa meza haikukata mkono ghafula. Mbele ya siku ile ilikuwa imekwisha kutoa alama: moshi, harufu ya mbao kuungua, kelele mpya, mtetemo, mbao kurudi nyuma. Fundi aliziona hizo alama akazizoea. Pahali pa kuchukua ufunguo na kutengeneza, aliongeza nguvu ya mkono. Haya ndiyo ninayotaka kuyasema leo: ubovu wa mashini usiotengenezwa, mkono unaosukuma ndio utakaoulipa.

Wengine watauliza: msaidizi wa mganga anajua nini juu ya misumeno? Ninajibu: anayetaka kupunguza malaria lazima ajifunze mbu, pahali anapozaa na saa anapouma. Sitafundisha maseremala kazi yao. Wao wananipita kwa mbali. Ninataka tu tusome pamoja alama za mashini, kama vile mganga anavyosoma alama za ugonjwa mbele ya mgonjwa kuanguka.

NGUVU YA KILE CHUMA

Tuchukue msumeno wa mviringo wenye upana wa milimita 300, kipimo kinachoonekana sana katika karakana zetu. Mota ikiuzungusha mara 3,000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda mita 47 kwa sekunde, maana yake kilomita 170 kwa saa. Hiyo ni mbio kuliko gari lolote linalopita barabara ya Kasenga kuelekea Lubumbashi.

Kama msumeno huo una meno 24, basi meno 1,200 yanapita pahali pamoja katika sekunde moja. Macho ya mtu na akili yake vinahitaji karibu robo ya sekunde ili kuona hatari na kurudisha mkono. Katika robo ile meno 300 yamekwisha kupita. Kwa hiyo fundi anayesema "mimi nina mkono mwepesi, nitauondoa" anajidanganya. Hakuna mkono mwepesi mbele ya meno 300. Kinga lazima iwepo mbele ya mkono kufika pale.

Amri ya kwanza, kwa yote yatakayofuata: usiguse msumeno wala usiupime kabla ya kukata umeme. Kuzima swichi tu hakutoshi. Chomoa waya, au funga kisanduku cha umeme kwa kufuli na uweke ufunguo mfukoni mwako mwenyewe. Kisha ngojea mpaka msumeno usimame peke yake. Usiusimamishe kwa kipande cha mbao.

1. MBAO INAUNGUA, MOSHI UNATOKA

Alama hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Fundi anaona alama nyeusi ubavuni mwa mbao, anazipiga randa, anaendelea. Lakini moshi unasema kwamba msumeno haukati tena, unasugua.

Sababu ziko tatu au nne. Kwanza, meno yamekuwa butu. Pili, utomvu umeganda ubavuni mwa msumeno na kuunenepesha. Tatu, msumeno na gidi, ile reli inayoongoza mbao, havifuatani: upande wa nyuma umebana. Nne, fundi anasukuma polepole mno, mbao inakaa pale ikisuguliwa.

Matengenezo yanafuata sababu. Toa msumeno, uoshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi ngumu, uukaushe. Pitisha ukucha wako polepole juu ya ncha ya jino: jino zuri linakwangua ukucha, jino butu linateleza. Kama ni butu, lipeleke kwa mnoaji. Kama msumeno ni wa chuma kitupu, mnoaji aangalie pia kwamba meno yamepindwa sawasawa, moja kushoto na moja kulia, kwa maana upindo huo ndio unaoacha nafasi ya msumeno kupita bila kubanwa. Kama una meno ya kubandikwa ya chuma kigumu, usitumie tupa ya kawaida, na uangalie kama hakuna jino lililopasuka au kuanguka.

Kwa nini hili ni jambo la afya? Kwa sababu msumeno butu unadai nguvu. Mtu anayesukuma kwa nguvu nyingi, siku mbao inapoachia ghafula, hawezi kuisimamisha mikono yake. Inakwenda mbele pamoja na uzito wa mwili wote, na mbele kuna meno.

2. MBAO INARUDI KWA NGUVU

Hapa tuna adui mkubwa. Meno ya mbele ya msumeno yanashuka na kuikandamiza mbao juu ya meza. Meno ya nyuma yanapanda. Kama mbao ikiyagusa yale ya nyuma, au kama mkato ukijifunga na kuubana msumeno, meno yanainyanyua mbao na kuitupa kwa fundi kwa mbio ileile ya msumeno. Yote yanafanyika mbele ya mtu kupepesa jicho.

Mbao hiyo inaleta hatari mbili. Ya kwanza ni pigo lenyewe, kifuani, tumboni au usoni. Ya pili watu wengi hawaijui: mbao inapotoka ghafula chini ya mkono, mkono uliokuwa unaikandamiza unaanguka pahali ilipokuwa. Vidole vingi vinapotea namna hii. Mkono haukwenda kwenye msumeno. Mbao iliondoka, mkono ukabaki bila egemeo.

Tafuteni sababu hizi. Je, kile kisu cha nyuma kipo, yaani kile chuma chembamba kinachosimama nyuma ya msumeno na kuuzuia mkato usijifunge? Katika mashini nyingi kimetolewa na kutupwa. Kirudishwe. Kiwe kinene kidogo kuliko mwili wa msumeno, lakini chembamba kuliko mkato wenyewe, na kikae karibu na meno, milimita 3 mpaka 8. Je, gidi iko sambamba na msumeno? Je, mbao imepinda au imejikunja? Mbao ya namna hiyo inyooshwe upande mmoja kwanza kwa randa, ndipo ipite kwenye mashini. Je, fundi anakata bila gidi, kwa mkono tu? Hapo hakuna la kutengeneza kwenye mashini. Ni desturi yenyewe itakayobadilishwa.

Mti wa mkalitusi unahitaji neno lake. Una nguvu iliyojificha ndani. Ukiupasua, vipande viwili vinatanuka au vinajifunga juu ya msumeno. Usipasue mkalitusi mbichi bila kisu cha nyuma. Ukiona mkato unaanza kujifunga, usivute mbao kurudi kwako. Zima mashini ukiwa umeishika mbao imara, ngojea isimame kabisa, ndipo upige kabari katika mkato.

Na usimame ubavuni, usisimame katika mstari wa msumeno. Mtu yeyote asipite nyuma yako katika mstari ule, wala mtoto anayeokota mabaki ya kuwasha mbabula.

Neno moja la dispansari: mtu aliyepigwa na mbao tumboni, hata kama ngozi haikupasuka, aletwe siku ileile. Bandama au ini vinaweza kuvuja damu ndani bila mtu kuona. Kama anakuwa mweupe machoni, anatoka jasho la baridi, anasikia kiu na kizunguzungu, ni hospitali bila kungojea, na asipewe chakula wala kinywaji.

3. MKATO HAUNYOOKI

Mbao inaingia na sentimita 10, inatoka na sentimita 9 na nusu. Fundi anakasirikia mbao, anaisukuma zaidi kwenye gidi kwa vidole, na vidole vinasogea kila siku karibu zaidi.

Pima namna hii. Umeme ukiwa umekatwa, chagua jino moja, litie alama ya chaki. Lizungushe mpaka mbele, pima nafasi kutoka jino lile mpaka gidi. Lizungushe jino lilelile mpaka nyuma, pima tena. Vipimo viwili viwe sawa. Kama kuna tofauti ndogo, afadhali nyuma kuwe wazi unywele mmoja kuliko kubana. Kama nyuma kunabana, usikate hata mbao moja mpaka umelegeza skrubu za gidi na kuinyoosha. Kisha weka pembe-mraba juu ya meza, iguse mwili wa msumeno, isiguse meno: utaona kama msumeno umesimama wima.

Angalia tena urefu wa msumeno juu ya mbao. Jino moja tu litokeze juu ya mbao. Msumeno uliopandishwa mpaka mwisho hauna faida. Unaonyesha meno mengi zaidi kwa mkono wako.

4. MASHINI INATETEMA NA KULIA

Weka sarafu imesimama juu ya meza, au glasi ya maji. Washa mashini. Sarafu ikianguka mara moja, au maji yakicheza sana, kuna kitu. Anzia kwa kitu rahisi: miguu ya meza haijakaa sawa chini. Halafu mkanda: umepasuka, umevaa upande mmoja, au magurudumu yake mawili hayako katika mstari mmoja. Halafu msumeno wenyewe: umepinda kwa joto, au tundu lake ni kubwa kuliko ekseli na mtu ameziba nafasi kwa kipande cha bati. Hilo la bati likatazwe kabisa. Mwisho, vile vikombe vya gololi ambamo ekseli inazunguka: shika ekseli kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa, uitingishe. Ikicheza, vikombe vibadilishwe. Kuongeza grisi hakuponyi chuma kilichokwisha kulika.

Kila msumeno mzuri una namba iliyochorwa juu yake: mizunguko ambayo haupaswi kuipita. Mtu anayebadilisha gurudumu la mkanda ili mashini iende mbio zaidi lazima asome namba ile kwanza. Msumeno uliopitishwa kipimo chake unaweza kurusha meno kama risasi.

Na msumeno wenye ufa, hata mdogo kama unywele, hautengenezwi. Ukatwe vipande ili mtu mwingine asije kuuokota.

5. MOTA INANGURUMA LAKINI HAIZUNGUKI

Zima mara moja. Usiusaidie msumeno kwa mkono wala kwa kijiti. Nimesikia wengine wakiuita ujanja. Mota ikishika, kijiti kinaruka na mkono unafuata.

Kwa mota ya fazi tatu, mngurumo bila mzunguko mara nyingi unaonyesha kwamba fazi moja imepotea: fyuzi imekufa au waya umelegea. Kwa mota ya fazi moja, mara nyingi ni ile kondensa ya kuanzishia. Ikiwa mota inaanza lakini inachoka na kupata joto haraka, angalia nguvu ya umeme. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 220 kwa fazi moja. Jioni, watu wengi wanapopika, unashuka, na kamba ndefu na nyembamba inaushusha zaidi. Mota iliyokosa nguvu inasimama katikati ya mbao, na mbao iliyoshikwa ni mlango wa hatari niliyoisema katika namba 2.

Baada ya fundi umeme kugusa waya za fazi tatu, washa mashini kwanza bila mbao na uangalie upande inaozunguka. Waya mbili zikibadilishana nafasi, msumeno unazunguka kinyume, na nati inayoushika inaweza kujifungua.

6. UMEME UNAKATIKA, UMEME UNARUDI

Jambo hili ni letu kabisa. Hakuna anayehitaji kuambiwa namna umeme wa SNEL unavyokatika. Umeme ukienda, fundi anaacha mbao mezani, anatoka nje kuongea. Swichi imebaki imewashwa. Mtu mwingine anakuja kufagia vumbi chini ya meza. Umeme unarudi bila kubisha hodi.

Kuna swichi zinazojifungua zenyewe umeme unapokatika, na haziwashi mpaka mtu abonyeze tena. Swichi hiyo iwe ya lazima katika kila mashini ya kampuni. Ikiwa bado haipo, kila mtu ajifunze: umeme ukikatika, kazi ya kwanza ni kuzima swichi na kuchomoa waya. Ndipo tuongee.

7. VUMBI

Vumbi la mbao limewekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lile la Lyon, Ufaransa, katika fungu la vitu ambavyo bila shaka vinaleta kansa kwa mtu, hasa kansa ya ndani ya pua. Vumbi la miti yetu migumu, kama mlombwa na mukula, linaweza pia kuamsha pumu na kuwasha ngozi na macho. Basi tusifagie kwa kupeperusha. Tunyunyize maji kidogo sakafuni, tufungue madirisha, tuvae barakoa ya vumbi. Pua inayotoka damu mara kwa mara upande mmoja, au iliyoziba miezi bila mafua, ionyeshwe kwa mganga.

"KIFUNIKO KINACHELEWESHA KAZI"

Sasa tufike kwa maneno ambayo ninayasikia katika karakana. La kwanza: kifuniko cha juu ya msumeno kinazuia macho na kinachelewesha kazi. La pili: fundi wa kweli haogopi mashini. La tatu: kapita anataka hesabu ya mbao jioni, hataki habari za skrubu.

Kwa la kwanza ninajibu hivi. Ni kweli, kifuniko kibaya kinasumbua. Kifuniko kilichochakaa, kilichojaa vumbi, kinachokwama kila mbao inapopita, ni halali fundi kukichukia. Lakini dawa ya kifuniko kibaya ni kifuniko kizuri. Kukitupa si dawa. Zipo kazi chache ambazo kweli hazipiti chini ya kifuniko, kama kuchimba mfereji katika mbao. Zifanywe kwa kijiti cha kusukumia na kibano cha kushikilia mbao, na kifuniko kirudishwe papo hapo.

Kwa la pili: huko Marekani, nchi yenye mashini mpya na vitabu vya kila namna, watu wapatao 30,000 kila mwaka wanapelekwa hospitali kwa ajili ya misumeno ya meza. Kati yao wamo mafundi wa miaka mingi. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Stephen Gass, alivumbua mashini inayotambua ngozi ya mtu na kusimamisha msumeno katika sehemu 5 kwa elfu za sekunde. Ni mashini nzuri, na bei yake ni kubwa. Lakini angalia alivyofikiri. Hakusema mafundi wajifunze kuwa na mikono myepesi. Alitengeneza mashini. Sisi hatuna hiyo mashini, lakini kisu cha nyuma ni kipande cha chuma, na kijiti cha kusukumia ni kipande cha mbao tunachokitupa kila siku.

Kwa la tatu, ninasema kwa heshima zote kwa makapita wetu, ambao nao wana wakubwa wao. Kunoa msumeno na kunyoosha gidi kunachukua saa moja au mbili. Kidole kilichokatwa kinachukua majuma mengi, na siku zote hizo kazi inafanywa na mtu asiyeizoea, juu ya mashini ileile mbovu. Hesabu ya mbao haipati faida hapo.

Neno juu ya glavu. Mgodini tunafundishwa kuvaa glavu, na ni vizuri. Mbele ya msumeno unaozunguka ni kinyume: glavu ikishikwa na jino inavuta mkono wote. Hapo tunafanya kazi na mikono mitupu, mikono ya shati imefungwa au kukunjwa, bila pete, bila bangili. Tunavaa miwani ya kazi na vizuia kelele masikioni.

MASHINI ZA LUPANGU

Hapa ninaongea na kina mama pia. Wafanyakazi wengi, baada ya saa za kampuni, wanatengeneza milango, vitanda na viti kwenye lupangu ili kuongeza chakula cha nyumbani. Kule Kasenga, kwenye mto Luapula, mbao zinapasuliwa pia kwa ajili ya mitumbwi ya wavuvi. Hatukatazi. Fedha ile inalipa masomo ya watoto.

Lakini mashini ya lupangu mara nyingi ni mota ya zamani, mkanda uliofungwa fundo, meza ya mbao, na msumeno ulio wazi kabisa. Mtoto anashika upande wa pili wa mbao na kuivuta. Kwa ajali ya kazini kuna sheria ya kazi ya mwaka 2002, kuna CNSS iliyochukua pahali pa INSS mwaka 2018, kuna hati zinazoandikwa. Kwa ajali ya lupangu hakuna fungu la ajali ya kazi. Mkono ni uleule, na Jumatatu utahitajika kazini.

Mama, wewe ndiwe inspekta wa lupangu. Huna haja ya kujua mota. Uliza maneno manne: Kifuniko kiko wapi? Kisu cha nyuma kiko wapi? Kijiti kiko wapi? Na mtoto amesimama wapi? Kama jibu moja ni baya, baba angojee kidogo.

KAMA MKONO UMEKATWA

Zima mashini. Mlaze mgonjwa au mkalishe. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika, na uinue mkono juu ya moyo. Usitie mkaa, kahawa, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usifunge kamba, ila tu damu ikiwa inamwagika na kubonyeza kumeshindwa kabisa. Hapo tumia kitambaa kipana, na uandike saa.

Kidole kilichokatika kitafutwe. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki, ufunge vizuri. Mfuko huo uutie katika mfuko wa pili wenye maji na barafu. Barafu isiguse kidole, itakiua. Kiende pamoja na mgonjwa. Hata kama hakitaunganishwa, mpasuaji anaweza kutumia ngozi yake kufunika kidonda. Na sindano ya pepopunda isisahauliwe, hata kwa kidonda kidogo.

TUNACHOOMBA

Kwa wakuu wa karakana na kamati ya usalama ninatoa maombi manne.

Kwanza, kila mashini ya msumeno iwe na daftari lake, na fundi aandike kila alama anayoiona: tarehe, moshi, kelele, mtetemo, na matengenezo yaliyofanywa.

Pili, fundi awe na ruhusa ya kutundika kibao chekundu na kusimamisha mashini bila kuadhibiwa, na kibao kiondolewe na mtengenezaji peke yake.

Tatu, Jumamosi moja kwa mwezi, mnoaji wa karakana anoe misumeno ya nyumbani ya wafanyakazi kwa bei ndogo. Msumeno mkali kwenye lupangu ni kinga ya mkono unaofanya kazi kwetu.

Nne, mashini ya zamani isiuzwe kwa mfanyakazi bila kifuniko na bila kisu cha nyuma. Mashini iliyouzwa namna ile imepeleka ajali nyumbani kwa mtu, na ameilipia mwenyewe.

Na kwenu ndugu maseremala: kesho asubuhi, mbele ya mbao ya kwanza, kateni umeme mchukue chaki. Tieni jino moja alama, pimeni mbele, pimeni nyuma. Ni kazi ya dakika tano. Vidole kumi mlivyokwenda navyo kazini, virudi vyote kumi nyumbani.